Heshi hazifanani: namna ya kuchunguza faili unazozitilia shaka kwenye hifadhi ya wingu

Faili ikishaonekana kwenye hifadhi ya wingu ikiwa na jina lake na ukubwa wake, wengi huhesabu kwamba kazi imekwisha. Lakini jina na ukubwa havisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Video ya gigabaiti 4 inaweza kuwa na ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho, na katikati yake pakawa na kipande kizima cha sifuri tupu. Kinachoweza kufichua hilo ni heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kwa kupitia kila baiti ya faili, kiasi kwamba biti moja tu ikigeuka, jibu lote hubadilika.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wasiwasi: umelinganisha heshi zikakataa, au faili haifunguki, au folda imepungua na hujui uanzie wapi. Nimeupanga kwa dalili, nikianza na zile zinazotisha watu bure. Heshi nyingi zinazokataa kufanana hazitokani na faili kuharibika. Hutokana na kulinganisha vitu viwili ambavyo tangu mwanzo havilinganishwi.

Kwanza: unalinganisha nini na nini?

Hesabu herufi. Heshi zina aina zake: MD5 ina herufi 32, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64. Kama yako ina 64 na ya wingu ina 32, hujalinganisha chochote bado. Ukiona mfuatano wa herufi 24 unaoishia na ==, hiyo ni MD5 ileile iliyoandikwa kwa mtindo wa Base64 (njia nyingine ya kuandika baiti zilezile kwa herufi), na ndivyo Google Cloud Storage inavyoihifadhi. SHA-256 kwa mtindo huo huwa na herufi 44. Kupata MD5 yako katika sura hiyo (harusi.mp4 ni faili yetu ya mfano):

openssl dgst -md5 -binary harusi.mp4 | base64

Kwa heshi ya kawaida, kwenye Windows tumia certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256, kwenye Mac shasum -a 256 harusi.mp4, na kwenye Linux sha256sum harusi.mp4. Herufi kubwa au ndogo zisikusumbue. Get-FileHash ya PowerShell huandika kwa herufi kubwa, sha256sum kwa ndogo, na maana ni moja.

Halafu kuna huduma zenye heshi zao wenyewe. Dropbox huikata faili vipande vya megabaiti 4, hukokotoa SHA-256 ya kila kipande, huziunganisha, kisha hukokotoa SHA-256 ya hizo zilizounganishwa. Matokeo yana herufi 64 na yanafanana kabisa na SHA-256 ya kawaida kwa sura, lakini hayatalingana na yako hata siku moja. OneDrive hutumia QuickXorHash, ambayo kompyuta yako haina amri ya kuikokotoa. Hapa ndipo programu ya bure ya rclone inapostahili kujifunzwa, kwa sababu inazijua zote:

rclone hashsum dropbox harusi.mp4
rclone hashsum quickxor harusi.mp4

Jibu utakalopata ndilo la kulinganisha na la huduma husika.

Dalili: ETag ya Amazon S3 haifanani na MD5 yangu, na ina kistari mwishoni

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia kidogo. S3 ni hifadhi ya wingu ya Amazon, na ETag ni alama ambayo huiandika kwa kila faili.

Faili ndogo ikipakiwa S3 kwa mkupuo mmoja bila usimbaji wa KMS (kufunga faili kwa funguo zinazotunzwa na Amazon), ETag yake ni MD5 ya faili. Wengi wakiona hivyo mara chache huamini kwamba ndiyo kanuni. Lakini faili kubwa hupakiwa kwa vipande, na kwa vipande ETag huwa kitu kingine: MD5 ya kila kipande huchukuliwa katika hali yake ya baiti, zote huunganishwa, kisha MD5 ya muungano huo ndiyo huandikwa, ikifuatiwa na kistari na idadi ya vipande. Ukiona ETag inaishia na -13, faili ilipakiwa kwa vipande 13.

Ukijua ukubwa wa kipande, unaweza kuitengeneza ETag hiyo mwenyewe. Amri ya aws s3 cp, isipobadilishwa, hukata kwa megabaiti 8. Faili ya megabaiti 100 basi inatoa vipande 12 vizima na nusu ya kipande, jumla 13. Fanya hivi ukiwa kwenye folda tupu, ukiwa na nafasi ya kutosha kwenye diski:

split -b 8M ../harusi.mp4 kipande_
for k in kipande_*; do md5sum $k | cut -d' ' -f1; done | xxd -r -p | md5sum

Jibu likilingana na sehemu iliyo kabla ya kistari, faili iliyoko S3 ni ileile uliyo nayo. Lisipolingana, usikimbilie kusema imeharibika. Angalia ilipakiwa kwa programu gani, kwani programu nyingine hukata kwa megabaiti 5, 16 au 64. Gawanya ukubwa wa faili kwa idadi ya vipande, utapata mahali pa kubahatisha. Na kama ndoo (chombo cha S3 kinachobeba faili zako) imewekwa usimbaji wa SSE-KMS au SSE-C (wa funguo za KMS au funguo zako mwenyewe), acha kabisa ETag, maana hapo si MD5 ya kitu chochote unachoweza kukishika.

Njia safi zaidi ni kutotegemea ETag. Tangu 2022 S3 hukubali upakie faili pamoja na heshi yake ya SHA-256 au CRC32C (namba fupi ya ukaguzi), na upande wao huikokotoa upya na kukataa mzigo usiolingana. Mwishoni mwa 2024 wakaongeza CRC64NVME, ambayo huwa ya faili nzima hata ikipakiwa kwa vipande. Kuisoma:

aws s3api head-object --bucket ndoo-yangu --key harusi.mp4 --checksum-mode ENABLED

Kama ulipakia kwa rclone, yenyewe huacha MD5 ya faili nzima kwenye maelezo ya faili kubwa, kwa hiyo rclone check itafanya kazi bila hesabu zote hizo.

Dalili: faili ni fupi kuliko ya awali, au heshi inaanza na e3b0c442

Zikariri mbili hizi. SHA-256 inayoanza na e3b0c44298fc1c14 na MD5 inayoanza na d41d8cd98f00b204 ni heshi za faili tupu, yenye baiti sifuri. Ukiziona kwenye orodha yako ya heshi, programu ilitengeneza jina kisha haikuandika kitu ndani, au ulikokotoa heshi kabla nakala haijakamilika. Nimeziona kwenye orodha za nakala za akiba za hesabu za biashara, zimejipanga mstari kwa mstari, na mwenye orodha haoni tatizo kwa sababu kila faili "ina heshi".

Faili iliyokatika katikati ina chanzo kingine, nacho mara nyingi ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo kila upakiaji unaosuasua hukatika. Ni vizuri kuelewa kwamba mtandao kukatika haubadilishi baiti ndani ya faili. Muunganisho wa HTTPS hukagua kila pakiti na kukataa iliyoguswa. Unachopata ni faili pungufu, au kutopata faili kabisa. Kwa hiyo linganisha ukubwa kwa baiti kamili, usilinganishe kwa "GB 4.1".

Kwenye S3 kuna la ziada. Vipande vilivyofika kabla mtandao haujakatika hubaki vimehifadhiwa bila kuonekana kwenye orodha ya faili, na vinalipiwa. Amri ya aws s3api list-multipart-uploads --bucket ndoo-yangu itakuonyesha. Weka kanuni ya kuvifuta vyenyewe baada ya siku chache.

Kama faili imepotea kabisa, usianze kwa kuondoa akaunti na kuiingiza upya. Novemba 2023 watumiaji wa Google Drive ya kompyuta, toleo la 84, walikuta faili zao hazipo. Google wakakiri tatizo, na onyo lao la kwanza lilikuwa usibonyeze kitufe cha kutenganisha akaunti na usifute folda ya DriveFS, kwani faili ambazo hazijafika wingu zilikuwa bado zimekaa humo kwenye diski. Onyo hilo linafaa kwa huduma yoyote inayosawazisha folda.

Dalili: ukubwa umebadilika na faili inafunguka vizuri tu

Huduma imeigusa. Google Photos kwenye hali ya kuokoa nafasi hubana picha na kuzishusha hadi megapikseli 16, na video hadi 1080p. WhatsApp hubana picha kila inapotumwa kama picha. Itume kama hati ikiwa unataka baiti zilezile zifike. SharePoint na OneDrive ya biashara huingiza maelezo yao ndani ya faili za Word na Excel wakati wa kupakia, kwa hiyo .docx uliyoishusha haitalingana na uliyoipandisha, hata kama hakuna mtu aliyeandika neno jipya. Faili za Google Docs zenyewe hazina heshi. Kila ukizitoa kuwa PDF unapata faili mpya.

Dawa ni moja: kinachotakiwa kubaki kama kilivyo, kifungashe kwenye zip au tar kabla ya kupakia. Huduma hizi hazigusi kilichomo ndani ya zip.

Dalili: heshi inabadilika kila ninapoikokotoa, kompyuta ileile, faili ileile

Simama. Usipakie wala kunakili kitu kingine kutoka kwenye kompyuta hiyo.

Kwanza hakikisha hakuna programu inayoiandika faili hiyo kwa wakati huo. Hifadhidata na faili za Outlook hubadilika kila dakika. Ukiifunga programu na heshi bado inaruka, tatizo ni la vifaa: RAM, waya wa USB, kisomaji cha kadi au diski yenyewe. Badilisha waya kwanza kwa sababu ni rahisi. Kisha endesha MemTest86 usiku kucha. RAM mbovu ndiyo hatari zaidi katika yote haya, kwa sababu faili huharibika kabla ya kutoka kwako, na wingu linapokea uharibifu kwa uaminifu kamili.

Biti moja si jambo dogo. Tarehe 20 Julai 2008 Amazon S3 yenyewe ilisimama kwa saa kadhaa, na maelezo waliyotoa yalieleza kwamba ujumbe ambao seva zao hupashana kuhusu hali zao ulikuwa na biti moja iliyogeuka, ukabaki unasomeka lakini ukibeba taarifa potofu. Data za wateja zilikuwa zinakaguliwa kwa MD5. Ujumbe ule wa ndani haukuwa.

Flashi feki ni kisa cha peke yake, na huku kwetu kimeumiza wengi. Flashi inasema ina terabaiti 1, kumbe ndani ina gigabaiti 32. Ukijaza kupita hapo, huandika juu ya vya zamani au kutupa vipya, bila kutoa onyo. Majina yote yanaonekana, ukubwa wote unaonekana. Kabla ya kuiamini flashi yoyote kubeba kazi hadi mahali penye intaneti nzuri, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux na Mac. Huchukua saa nyingi, na mimi sioni njia ya mkato hapo.

Dalili: orodha ya heshi yenyewe inakataa kusomeka

Ukikagua faili kwa orodha ya heshi na kupata ujumbe kwamba hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa sawasawa, huenda orodha ilitengenezwa kwa PowerShell ya zamani, ambayo kwa alama ya > huandika kwa UTF-16, mfumo mwingine wa kuandika herufi. Ukiambiwa faili haipo na wewe unaiona, mistari inaweza kuwa na mwisho wa Windows; isafishe kwa programu ya dos2unix. Majina yenye herufi za Kifaransa, ambayo wenzetu wa Kongo na Burundi wanayo mengi, yana tabu yao: é inaweza kuandikwa kama herufi moja au kama e na alama juu yake, na diski za Mac za mfumo wa zamani huchagua njia ya pili. Macho hayaoni tofauti, programu inaiona. Ushauri wangu ni kwamba orodha itengenezwe na rclone tangu mwanzo, kwenye mfumo wowote:

rclone hashsum sha256 /kazi --output-file orodha.txt

Dalili: heshi zote zinalingana, lakini faili haifunguki

Huu ndio moyo wa jambo lote. Heshi ya wingu ni kama risiti ya mzigo kwenye ofisi ya basi: inathibitisha kwamba boksi lililopokelewa ndilo lililofika, haisemi kama vyombo vilikuwa vizima ulipolifunga. Kama faili iliharibika kabla ya kupakiwa, wingu litakuhakikishia mpaka kesho kwamba linatunza ule uharibifu vizuri.

Kwa hiyo swali ni: heshi yako ya kwanza ilikokotolewa lini na wapi? Iliyokokotolewa kwenye kadi ya kamera kabla ya kunakili ina nguvu. Iliyokokotolewa baada ya faili kupita kwenye laptopu, flashi na folda ya kusawazisha inathibitisha safari ya mwisho peke yake. Kama huna heshi ya mwanzo, umebaki na ukaguzi wa ndani ya faili: unzip -t kwa zip, gzip -t kwa gz, ffmpeg -v error -i harusi.mp4 -f null - kwa video. Hifadhidata irudishe kwenye seva ya majaribio na uhesabu rekodi. Sijui ukaguzi mwingine wa bekapu ya hifadhidata unaotosha.

Kisa kingine cha dalili hii ni virusi vya kudai fidia. Vimesimba faili kwenye kompyuta, programu ya kusawazisha ikaona "mabadiliko", ikayapandisha. Pande zote mbili zinalingana, zote zimeharibika. Linganisha na orodha ya zamani: faili mia kwa mara moja kubadilika usiku mmoja si kazi ya mhasibu. Zima usawazishaji, kisha rudi kwenye matoleo ya nyuma. Google Drive hutunza matoleo ya faili zilizopakiwa kwa siku 30 au matoleo 100, na kwenye S3 matoleo hayatunzwi mpaka uwashe mwenyewe.

Ndiyo maana orodha isikae kwenye folda ileile inayolindwa nayo. Nakala moja iwe akaunti nyingine, au hata iliyochapishwa kwenye karatasi kama faili ni chache. Kama unahofia mtu, si ajali, tumia SHA-256. MD5 ilivunjwa mwaka 2004, na Februari 2017 watafiti wa kituo cha utafiti cha CWI cha Amsterdam na wa Google walitoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Hili lina uzito pia mahakamani: kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinataka mahakama iangalie jinsi uadilifu wa ujumbe wa data ulivyotunzwa. Orodha yenye tarehe, iliyotengenezwa siku faili ilipopatikana, ni jibu unaloweza kulionyesha.

Nina terabaiti nyingi na bando dogo

Anza na rclone check, ambayo hulinganisha heshi bila kupakua (wingu: ni jina uliloipa hifadhi yako ndani ya rclone):

rclone check /kazi wingu:kazi --combined ripoti.txt

Kwenye ripoti, = ni sawa, * ni tofauti, + iko kwako tu, - iko kwenye wingu tu. Soma pia mistari ya mwisho kwenye skrini. Ikisema kuna heshi ambazo hazikuweza kukaguliwa, faili hizo zimelinganishwa kwa ukubwa peke yake, na hapo hujathibitisha kitu. Kwa hifadhi iliyosimbwa na rclone tumia cryptcheck. Na jihadhari na folda za OneDrive zinazoonyesha faili ambazo hazijashushwa: ukikokotoa heshi zake, zote zitaanza kushuka na bando litaisha.

Heshi ya wingu hata hivyo inaweza kuwa ile iliyoandikwa siku ya kupakia. Kujua kama faili bado inasomeka leo, lazima baiti zisomwe. Njia ya kwanza ni kukodi seva ndogo ya saa chache katika eneo lilelile la hifadhi, mfano Cape Town kama ndoo iko huko. Kati ya S3 na EC2 (seva za kukodi za Amazon) za eneo moja hulipii usafirishaji. Njia ya pili ni sampuli. Kama asilimia 1 ya faili zimeharibika, kuchagua 300 kwa kubahatisha kunakupa uwezekano wa asilimia 95 wa kukuta angalau moja mbovu, na 460 kunakupa 99, hata kama una milioni moja:

shuf -n 300 orodha.txt > sampuli.txt
rclone checksum sha256 sampuli.txt wingu:kazi --download --one-way

Badilisha sampuli kila mwezi. Faili moja mbovu kati ya milioni haitapatikana hivi, kwa hiyo zile ambazo huwezi kuzipoteza zikague zote.

Ukishathibitisha kwamba faili imeharibika kweli

Usiifute na usiendeshe rclone sync, ambayo hufuta upande wa pili kisichokuwepo upande wa kwanza. Nakili iliyoharibika kwenye folda ya pembeni. Tafuta toleo la nyuma, kisha nakala ya akiba, kisha chanzo chenyewe: kadi, simu, barua pepe ya aliyekutumia. Kila unayoipata ipitishe kwenye orodha ya zamani kabla ya kuipandisha. Ikilingana, ipakie kwa jina jipya, ishushe kwenye kompyuta nyingine, kokotoa heshi, halafu ndipo uiweke mahali pa ile mbovu. Andika tarehe na chanzo cha tatizo kwenye orodha, kwa sababu RAM au waya ulioharibu faili moja bado upo mezani, na faili nyingine za wiki ileile zimepitia hapohapo. Hizo ndizo za kukagua zinazofuata.